Reli ndogo ya bustanini: anza na udongo na maji, treni zitafuata

Wengi wakitaka reli ya bustanini wanakimbilia kununua treni, wanatandika njia juu ya nyasi, inazunguka vizuri siku kadhaa na watu wanafurahi, alafu inanyesha mvua moja ya maana na njia yote inalala upande. Reli ya nje ni kazi ya ujenzi kabisa, ina tuta, ina mifereji na makalavati, inatanuka na jua na kusinyaa na baridi kama ile kubwa tu, na ndo maana mi naipenda kuliko reli za mezani. Kwa hiyo hapa ntaongea sana kuhusu udongo, maji na kokoto, treni zenyewe kidogo, maana treni mbovu unaibeba mkononi unaenda kuitengeneza ndani lakini tuta bovu linakufuata kila msimu.

Kabla hujashika jembe amua geji, yani upana kati ya reli na reli. Bustanini inayotawala ni milimita 45. Iliyoifanya isambae ni LGB, treni za kampuni ya Lehmann ya Ujerumani, walianza kuzitoa 1968 kwa skeli ya 1:22.5 (yani kitu halisi kimepunguzwa mara 22.5) wakiiga reli za geji ya mita moja, gawa milimita 1000 kwa 22.5 unapata 44 na kidogo, ndo hiyo 45. Sasa kinachochanganya wageni ni kwamba juu ya njia hiyo hiyo utakuta treni za 1:32, 1:29, 1:24, 1:22.5 na 1:20.3, zote zinapita bila shida ila ukizichanganya kwenye msafara mmoja behewa moja linakuwa jitu na lingine mtoto. Ile 1:32 ni ya treni za geji ya milimita 1435, na 1:20.3 ni ya reli nyembamba za futi tatu. Kuna pia geji ya milimita 32 inayoiga reli za futi mbili kwa skeli ya karibu 1:19, hiyo inapendwa sana Uingereza na watu wa injini za mvuke. Chagua skeli moja ubaki nayo, na majengo na vile vijisanamu vya watu vifuate skeli hiyo hiyo. Treni ndogo za mezani, zile za njia ya milimita 16.5, watu wanajaribu kuziweka nje na inawezekana, ila kijiwe kidogo tu kwao ni jabali na kazi ya kusafisha haiishi, mi simshauri mtu anayeanza.

Kuchora njia usifanye kwenye karatasi peke yake. Chukua mpira wa kumwagilia au kamba nene, ulaze chini pale unapofikiria treni itapita, uache hapo siku kadhaa uwe unaangalia. Subiri mvua uone maji yanasimama wapi na yanapita wapi, angalia majani ya miti yanaangukia upande gani, mizizi imefika wapi, jua la mchana linapiga wapi. Na jua mabomba ya maji na nyaya za umeme zimepita wapi chini kabla hujachimba. Mti mkubwa karibu na njia ni kivuli kizuri lakini ni majani kila siku na mizizi inayoinua tuta, kwa hiyo kaa nao mbali kidogo.

Kona ndo watu wanakosea zaidi. Zile kona ndogo zinazokuja kwenye seti za kuanzia zina rediasi ya sentimita 60, yani duara zima linaingia kwenye mita 1.3 hivi, na kweli treni ndogo za magurudumu manne zinazunguka. Ila kichwa kirefu chenye magurudumu mengi au behewa refu la abiria kwenye kona hiyo linabanwa, linasaga reli, linakula injini na linaonekana vibaya, sehemu ya katikati inatokeza ndani na ncha zinatokeza nje. Kama nafasi ipo anza na rediasi ya mita 1.2, na kama unaota vichwa vikubwa vya 1:29 au 1:20.3 basi hiyo mita 1.2 ndo iwe ya chini kabisa, zaidi ya hapo ni raha tupu. Alafu usiunganishe kona ya kushoto na ya kulia moja kwa moja, weka kipande kilichonyooka katikati kinachozidi urefu wa behewa lako refu kuliko yote, la sivyo mabehewa yanavutana pembeni na linalotoka ni lile jepesi la katikati.

Mwinuko nao una hesabu yake. Asilimia 2 ni sentimita 2 kwa kila mita 1, hapo treni yoyote ya kawaida inapanda. Asilimia 4 ni mwisho, tena kwa msafara mfupi, na ukiweka mlima juu ya kona basi msuguano wa kona unajumlika kwenye mlima, kwa hiyo punguza. Watu wanapenda njia moja ipite juu ya nyingine, ni nzuri sana kuangalia, lakini piga hesabu kwanza: ili treni ya chini ipite na daraja liwe na unene wake unahitaji kama sentimita 25 kutoka reli ya chini mpaka reli ya juu, kwa asilimia 2 hiyo ni mita 12.5 za kupanda tu na bado hujashuka. Kama bustani haina urefu huo achana na wazo hilo, au ipandishe njia moja nusu na nyingine uishushe kwenye handaki nusu. Na mlima usianze ghafla, uanze taratibu ndani ya nusu mita au zaidi, la sivyo vishikizo vya mabehewa vinaachiana pale pale unapoanzia.

Kingine, kila sehemu ya njia iwe mahali mkono unafika. Mkono wa mtu mzima aliyeinama unafika kama sentimita 60 au 70, basi usiweke pointi (pale njia inapogawanyika) katikati ya kichaka. Handaki refu liwe na mfuniko juu au dirisha pembeni, maana treni itasimama humo ndani, hilo halina mjadala, na wanyama wadogo wanapenda sana kulala humo. Ukiwa na uwezo wa kujenga kitanda cha udongo kilichoinuliwa mpaka usawa wa magoti au kiuno fanya hivyo, mgongo wako utashukuru na treni zinapendeza zaidi zikiwa karibu na macho.

Sasa tuta.

Njia ninayoiamini zaidi kwa anayeanza ni tuta la kokoto ambalo reli inakaa juu bila kupigiliwa. Chimba mfereji upana wa sentimita 15 mpaka 20, kina sentimita 10 mpaka 15, ondoa mizizi yote, tandika kitambaa cha kuzuia magugu kile kinachopitisha maji (nailoni ya kawaida hapana, maji yanabaki juu tuta linageuka tope). Kisha jaza mawe yaliyosagwa. Yaliyosagwa, yenye pembe pembe, yaliyochanganyika na vumbi lake mpaka vijiwe vya milimita 6 hadi 10, kwa sababu pembe zinashikana na vumbi linajaza mapengo na likilowa na kukauka linakuwa gumu. Changarawe za mtoni zile za duara zinapendeza machoni lakini hazishikani, zinabingirika kama gololi na reli inahama nazo. Jaza kwa tabaka, sentimita 5 mwagia maji shindilia kwa gogo zito, tena sentimita 5 shindilia, usimwage zote mara moja ukashindilia juu tu, chini itabaki laini na itazama baadaye. Tabaka la mwisho limalizikie juu ya usawa wa ardhi kama sentimita 3 mpaka 5 ili maji ya bustani yasipande kwenye njia.

Maji yanayokuja kutoka upande wa mlima yanahitaji pa kupita. Chimba kamfereji upande wa juu sambamba na tuta, na kila unapoona maji yanakusanyika pitisha bomba la plastiki chini ya tuta lenye mteremko kidogo, mdomoni panga mawe uonekane kama kalavati halisi. Hapa uzuri na kazi vinakutana na mi ndo sehemu ninayoifurahia kuliko zote, siku ya mvua kubwa unatoka na mwavuli unaangalia maji yanapita pale ulipoyapangia.

Kuna wanaomwaga zege. Zege halina magugu na halizami kirahisi, lakini ukibadilisha mawazo umebaki na mwamba bustanini, na ardhi ikihama linapasuka. Ukienda na zege basi reli isifungwe kwa nguvu kila mahali, iachwe iteleze. Njia ya tatu ni ngazi, yani vipande viwili virefu vyembamba vya mbao au plastiki iliyotumika ikayeyushwa upya, vinakwenda sambamba na katikati kuna vitofali vya kutenganisha, vinakaa juu ya nguzo za bomba zilizopigiliwa chini sentimita 50 hivi. Uzuri wa ngazi ni kwamba ukikunja vile vipande virefu vinajikunja vyenyewe kwa kona laini kabisa ambayo kwa jicho huwezi kuipata, na kwenye ardhi yenye mteremko mkali inakuokoa na kazi ya kujaza udongo. Mbao isiyotiwa dawa itaoza, hilo lijue mapema.

Njia yoyote utakayochagua, kifaa chako kikuu ni pima maji ndogo. Weka kukatiza reli zote mbili, kila baada ya sentimita 30, hakikisha reli ya kushoto na ya kulia ziko sawa. Mwinuko wa mbele na nyuma treni inavumilia, lakini njia iliyojikunja, hapa imelalia kushoto na mbele kidogo imelalia kulia, hiyo inaangusha treni hata ikienda polepole, kwa sababu gurudumu moja linaning'inia hewani na ukingo wake hauna kitu cha kushika.

Kwenye reli zenyewe, shaba nyeupe na shaba ya njano ndo zinazotumika sana kwa wanaopitisha umeme relini, na ya njano inashika solda vizuri. Alumini ni nyepesi na rahisi kukunja, ila kutu yake nyeupe haipitishi umeme vizuri na solda haishiki kirahisi, kwa hiyo inafaa zaidi kwa treni za betri. Chuma cha pua hakihitaji kusafishwa sana lakini kukikata na kukitoboa ni jasho. Kimo cha reli kilichozoeleka, kutoka chini mpaka juu, ni milimita 8.4, ngumu, mtu akikanyaga kwa bahati mbaya inavumilia, ile ya 6.35 inapendeza zaidi kwa macho ila inataka tuta zuri zaidi. Mataruma (vile vipande vinavyokatiza chini ya reli kuzishika) ya plastiki yawe yale yanayostahimili jua, mengine baada ya muda yanavunjika ukiyagusa.

Kutanuka usikudharau. Shaba ya njano yenye urefu wa mita 10, joto likipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri ya baridi mpaka mchana wa jua kali juu ya reli, inarefuka karibu milimita 8. Alumini zaidi ya 9. Milimita hizo zisipopata pa kwenda njia inapinda upande au inainuka kama daraja. Kwa hiyo acha kiupenyo kila kiungio, kama unatandika siku ya baridi upenyo uwe mkubwa zaidi, siku ya joto kali uwe mdogo, na usipigilie njia nzima. Hii ndo faida ya tuta la kokoto, reli inajongea pembeni kidogo kwenye kona na kurudi.

Umeme una njia tatu na kila moja ina watu wake. Ya kwanza, umeme mdogo wa mpaka volti 24 hivi unapita relini. Unahitaji viungio safi, paka grisi inayopitisha umeme ndani ya kila kiungio au tumia vibano vya skrubu za chuma cha pua, na kwenye njia ndefu usitegemee waya mmoja wa kuingiza umeme, pitisha waya mnene kando ya njia ulishe reli kila baada ya mita kadhaa, la sivyo treni inachoka upande wa mbali. Njia ikizunguka kama kitanzi na kujiunga na yenyewe ili treni irudi ilikotoka, reli mbili tofauti zinagusana na inapiga shoti, hapo lazima ukate kwa viungio vya plastiki na kuweka kifaa cha kugeuza. Na kibadilisha umeme kikae ndani pakavu, kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme unapovuja, waya wa umeme wa nyumba usitoke kabisa kwenda kwenye reli.

Ya pili ni betri ndani ya treni na rimoti. Seli nne za lithiamu zinakupa volti 14.8, tano zinakupa 18.5, hakuna kusafisha reli kwa ajili ya umeme, hakuna shoti, reli yaweza kuwa ya kitu chochote. Kwa anayeanza leo mi namwambia betri bila kusita, maana muda wote uliokuwa uende kwenye kusugua reli unaenda kwenye bustani. Ya tatu ni mvuke wa kweli, bwela dogo linalochemshwa kwa gesi au spiriti. Hakuna kinachofikia hilo kwa sauti na harufu, lakini linataka njia isiyo na milima maana kasi yake inabadilika kila penye mwinuko, maji yasiyo na chokaa, mafuta mazito ya mvuke, valvu ya usalama iliyokaguliwa, na nyasi kavu ziwe mbali. Moto wa spiriti juani hauonekani vizuri, weka maji karibu na watoto nyuma yako.

Kabla ya kumwaga kokoto za mwisho kati ya mataruma, chukua behewa lako refu kuliko yote ulisukume kwa mkono njia nzima, kwenda na kurudi, ukisikiliza. Kila penye mlio au mruko pana kitu, rekebisha hapo hapo. Kisha lifunge boksi la karatasi ngumu lenye upana na kimo cha treni yako kubwa kabisa ulipitishe kwenye madaraja, mahandaki na kando ya mawe, litakuonyesha panapobana kabla kichwa cha gharama hakijajigonga.

Mimea ije baada ya hapo. Tafuta yenye majani madogo na inayokua taratibu, ili kajani kaonekane ni jani la mti mkubwa kwenye skeli yako. Taimu (kile kiungo cha jikoni) ile inayotambaa ni nzuri sana, sedumu (vimea vya majani manene) zile fupi zinavumilia ukame, na vichaka vya majani madogo unavipogoa shina la chini likae wazi vinakuwa miti kamili. Ikwepe inayotembea chini kwa chini kama minti na mianzi, itatokea katikati ya tuta hata ukitandika kitambaa. Panda sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye reli, na unapomwagilia elekeza maji kwenye mizizi, ukirusha hovyo yanabaki madoa ya chokaa juu ya reli. Chumvi ya kuua magugu usiiweke kabisa, inaua mimea yako na inakula reli na skrubu. Majengo yakae juu ya kigae au kizege kidogo, yakigusa udongo moja kwa moja yananyonya unyevu na kuoza kutoka chini.

Matunzo ni kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Kila unapotaka kuendesha, zunguka njia nzima kwanza na brashi laini, ondoa majani, konokono, vijiti, na mawe yaliyoruka kwenye pointi, kijiwe kimoja kwenye ulimi wa pointi kinatosha kuangusha msafara wote. Kama umeme unapita relini sugua juu ya reli kwa msasa laini uliofungwa kwenye mti mrefu ili usiiname, ila usitumie sufi ya chuma, vinyuzi vyake vinavutwa na sumaku za mota vinaingia ndani na kuiharibu. Baada ya mvua kubwa pita na pima maji na kindoo cha kokoto, palipozama inua njia taratibu, sukuma kokoto chini ya mataruma kwa kijiti, shindilia, pima tena. Penye baridi ya kugandisha ardhi inavimba na kuinua tuta, basi kazi hiyo itakuwa kubwa barafu ikiisha, panga wikiendi yake.

Magurudumu ya chuma ni bora kuliko ya plastiki, yanateremsha uzito chini na hayapaki uchafu relini, ila yapime: kwa njia ya milimita 45 nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili iwe karibu milimita 40, behewa linaloanguka kila mara sehemu moja mara nyingi tatizo ni hapo au ni uzito mdogo. Mafuta yawe yale yasiyokula plastiki, tone moja kwenye kila ekseli linatosha, yakizidi yanatiririka mpaka relini na kichwa kinaanza kuteleza mlimani.

Treni zisilale nje. Betri za lithiamu kama hutaendesha kwa wiki nyingi ziache na chaji kama nusu, sehemu yenye ubaridi wa kawaida, siyo banda la bati linalochemka mchana, na uzichaji pale unapoweza kuziona kwa chaja ya aina yake.